Istilahi za Kiwambo cha Kompyuta: Historia Fupi na Mfano wa Mtwara

1. Utangulizi

Lengo la makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi istilahi za kiwambo cha kompyuta zilivyoingia katika Kiswahili, na kuonyesha pengo moja ambalo halijazibwa. Tumechukua mfano wa Mkoa wa Mtwara, tangu Uwanda wa Makonde hadi mlango wa Mto Ruvuma, kwa sababu mbili. Kwanza, huko kompyuta sasa inagusa pato la mkulima wa korosho. Pili, huko Kiswahili kinapakana na nchi ambayo istilahi zake za ufundi zimetoka katika Kireno.

2. Istilahi bila chombo, chombo bila istilahi

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge. Katika miaka ya 1970 Baraza lilitoa orodha za Tafsiri Sanifu kwa ajili ya ofisi, shule na viwanda. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Kwa hiyo, wakati ule ule ambapo kazi ya kuunda istilahi ilikuwa imepamba moto, chombo chenyewe hakikuonekana. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka hiyo. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994.

Matokeo yake ni dhahiri. Masharti yalipolegezwa na soko kufunguliwa, mashine ziliingia kwa wingi, kila moja na jina lake la kigeni. Neno ngamizi, lililopendekezwa na wataalamu, lilibaki vitabuni; tarakilishi limeshika zaidi nchini Kenya; wananchi wa Tanzania walikwisha kusema kompyuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, ila ilikuja baada ya watumiaji wengi kuzoea maneno waliyoyakuta.

3. Maneno yaliyofaulu

Hata hivyo si maneno yote yaliyoshindwa. Kompyuta ya mpakato imepata jina kutokana na kupakata, yaani kuweka mapajani kama mama ampakatavyo mtoto. Msikiaji haelezwi mara mbili.

Kiwambo nalo ni neno lenye asili nzuri. Limetokana na kuwamba, yaani kunyoosha ngozi na kuikaza. Mtu wa Newala au Tandahimba aliyekulia karibu na ngoma ya sindimba anajua kwamba ngozi huwambwa juu ya mzinga, kisha hupashwa moto ikaze. Neno lilikuwapo, tuliongeza maana tu. Pamoja na hayo, mitaani watu husema kioo au skrini, na hatuoni ubaya maadamu kitu kinachotajwa ni kimoja.

Mfano ulio bora zaidi ni king'amuzi. Urushaji wa televisheni kwa analojia ulipoanza kuzimwa mwishoni mwa mwaka 2012, kila nyumba ilihitaji kifaa kipya. Neno lililoundwa kutokana na kung'amua lilifika dukani pamoja na kifaa chenyewe, na likakubalika. Funzo tunalolipata ni kwamba istilahi hushika inapofika siku moja na kitu chake.

4. Pengo lililobaki

Tuchukue mfano wa karani wa chama cha msingi cha ushirika. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara katika msimu wa 2007/2008, na tangu mwaka 2024 minada ya korosho imekuwa ikiendeshwa kwa njia ya mtandao. Karani anayo kompyuta ya mpakato ya mwaka 2010 hivi. Chama kimenunua kiwambo kikubwa kipya ili wakulima waisome bei kwa macho yao wenyewe. Anaunganisha waya; picha haitokei, au inatokea ikiwa na ukungu. Anampigia simu fundi aliyeko mjini Mtwara. Je, aseme nini?

Kinachomsumbua ni hesabu ya nukta. Kiwambo kipya kina nukta 3,840 kwa mapana na 2,160 kwa kimo, jumla 8,294,400. Kompyuta yake huenda imezoea kutoa nukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600, robo kamili ya zile. Tundu la VGA, lililobuniwa na kampuni ya IBM mwaka 1987, hutoa ishara za analojia, na viwambo vingi vipya havina tundu hilo. Tundu la HDMI hutoa ishara za dijitali, lakini uwezo wake hutegemea toleo: toleo la 1.4 la mwaka 2009 huweza kupeleka nukta zote za kiwambo hicho mara 30 tu kwa sekunde. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 hufikisha mara 60.

Ufumbuzi wenyewe ni mwepesi. Karani atumie tundu la HDMI, kisha achague nukta 1,920 kwa 1,080. Kwa kuwa hiyo ni nusu kamili kila upande, nukta moja itachorwa kwa nukta nne, na maandishi yatasomeka. Ikiwa ana tundu la VGA peke yake, waya mtupu hautoshi; anahitaji kifaa cha kugeuza analojia kuwa dijitali.

Tatizo ni neno. Tafsiri za mashine mara nyingi huita idadi hii ya nukta azimio. Azimio tunalijua: ni jambo lililoamuliwa, kama Azimio la Arusha la mwaka 1967. Karani akiambiwa apunguze azimio hataelewa. Wengine husema ukali, lakini picha yaweza kuwa na nukta nyingi na bado isiwe kali. Wako pia wanaoita kila kifaa cha katikati adapta, ndipo mtu anapouziwa kiunganishi wakati anahitaji kigeuzi, na fedha za chama zinapotea.

5. Ng'ambo ya Ruvuma

Kwa upande wa Msumbiji, Wamakonde na wasemaji wa Kimwani, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili, hukutana na maneno ya Kireno: computador kwa kompyuta na ecrã kwa kiwambo. Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010, na watu huvuka na vyombo vyao. Kiswahili kilikwisha kupokea meza na bendera kutoka kwa Wareno, wala hakikupungua. Lakini panapokutana mikopo miwili kwa kitu kimoja, neno lenye mzizi wa Kibantu, kama kiwambo, lina nafasi nzuri ya kueleweka pande zote mbili.

6. Hitimisho

Tunapendekeza mambo manne. Idadi ya nukta itumike badala ya azimio. Tahadhari ni kwamba nukta katika vitabu vya zamani humaanisha pia sekunde, hivyo kwa wakati tuseme sekunde daima. Ukali ubaki kwa picha inavyoonekana machoni. Kiunganishi kiwe kifaa kinachounga tu, na kigeuzi kiwe kile kinachobadili ishara. Mwisho, idadi ya picha kwa sekunde iitwe marudio.

Maneno haya si mapya hata kidogo. Yanahitaji kuandikwa kwenye vitabu vya maelezo na kwenye maboksi ya dukani, ili karani wa Tandahimba na fundi wa Mtwara wayatumie kwa maana moja kabla ya mnada kuanza.