Atrazini na homoni za vyura

Atrazini ni kiuagugu kinachotumika sana katika mashamba ya mahindi ya Marekani. Mwaka 2010, Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalea vyura madume 40 wa aina ya Xenopus laevis, wenyeji wa kusini mwa Afrika, katika maji yenye atrazini sehemu 2.5 kwa bilioni. Kiasi hicho, jambo la kutisha, kiko chini ya sehemu 3 zinazoruhusiwa katika maji ya kunywa ya Marekani. Testosteroni ilipungua, na asilimia 10 waligeuka majike wenye uwezo wa kutaga mayai. Hayes anaeleza kwamba atrazini huchochea aromatasi, kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni. Watengenezaji walipinga matokeo yake. Umoja wa Ulaya uliiondoa atrazini sokoni kwa sababu ya kuchafua maji ya ardhini. Marekani bado inaitumia.