Alaska: Ijumaa mbili mfululizo

Kama huwa unaandika programu za kuhesabu tarehe, Alaska itakutoa jasho. Marekani iliinunua kutoka Urusi kwa dola milioni 7.2, mkataba ukatiwa sahihi tarehe 30 Machi 1867. Makabidhiano yalifanyika mjini Sitka Ijumaa tarehe 18 Oktoba. Na siku iliyotangulia? Ijumaa tarehe 6!

Warusi walitumia kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma kwa siku 12 karne hiyo. Tena walihesabu siku kama Waasia, siku moja mbele ya Wamarekani. 12 kutoa 1 ni 11, basi tarehe 7 hadi 17 hazikuwepo. (Aliyezaliwa tarehe 10 Oktoba pole yake.)

Hifadhidata ya saa inayotumiwa na Linux ingali inaikumbuka siku hiyo: Sitka inatoka karibu saa 15 mbele ya Greenwich hadi saa 9 nyuma. Lakini inajua kalenda ya Gregori pekee, kwa hivyo zile siku 12 huzipati humo. Ukiingiza kumbukumbu za Warusi kwenye tarakilishi, zigeuze mwenyewe kwanza.

Alaska ikawa jimbo la 49 tarehe 3 Januari 1959. Tetemeko kubwa la 9.2 likaipiga tarehe 27 Machi 1964, nayo ilikuwa Ijumaa Kuu.