Kichwa Kinauma, Picha Haisemi

Sisi Wasambaa tuna neno letu moja ambalo limo katika historia ya udaktari duniani, na wengi wetu wala hatuna habari. Neno lenyewe ni mbu.

Mwaka 1897 hadi 1898 Robert Koch, yule Mjerumani aliyetangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alikuwa katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani akichunguza homa. Huko Usambara akakuta watu wa milimani wanajua jambo lao: mtu akikaa juu kwenye baridi yu salama, akishuka nyika hurudi mgonjwa. Ugonjwa huo waliuita mbu. Na wale wadudu wanaouma kule chini nao waliitwa mbu. Mdudu na ugonjwa, jina moja. Miezi hiyo hiyo, Agosti 1897, Ronald Ross alikuwa India akipasua tumbo la mbu chini ya hadubini, na akakiona kijidudu cha malaria. Ross alihitaji hadubini. Wazee wetu waliuliza tu: nani kashuka, lini, alilala wapi, na karudi vipi?

Naanza na mbu kwa sababu nataka kuzungumzia kichwa. Mimi ni mzaliwa wa Shume, huko juu kabisa wilaya ya Lushoto, kwenye viazi, makabichi na ukungu wa asubuhi. Wajerumani walipaita Neu-Hornow, wakaweka kiwanda cha mbao cha Wilkins na Wiese, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wakafunga kamba ya chuma ya kushushia mbao mpaka Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Mimi nilishuka kwa basi, miaka mingi baadaye, kutafuta maisha Dar es Salaam. Na huko ndiko kichwa kilikoanza. Si kile cha kuuma jioni ukameza Panadol ukalala. Hiki kilibana, kama mtu kanifunga mkanda kisha anaukaza tundu moja kila wiki. Nikapigwa siti-skani katika hospitali moja mjini. Ripoti ikasema hakuna uvimbe. Nikapigwa na MRI. Ripoti ikasema kuna mabadiliko madogo yasiyo na maana ya wazi. Daktari akafunga faili. "Dada, huna kitu. Punguza mawazo."

Huna kitu! Basi nikaanza kujiuliza: kabla ya picha, watu walitafutaje sababu ya kichwa?

Kiswahili kina jina la kale, kipandauso, la maumivu yanayoshika upande wa uso na kupanda. Jina hilo ni la mtu aliyesikiliza. Halisemi ugonjwa unafananaje, linasema unatembea vipi. Watazame wazee wetu, wengine wana chale ndogo pembeni mwa macho. Zile si urembo, ni tiba ya kichwa: ngozi ilichanjwa, dawa ikapakwa. Pwani wapo walioumikwa kwa pembe, chuku, damu "chafu" ikatolewa. Unaweza kucheka. Lakini ona walivyofikiri: kichwa kinachobana kimejaa kitu, na kitu hicho lazima kipewe njia ya kutokea.

Kama chale ni kufungua ngozi, wapo waliofungua mfupa. Kule Kenya, kwa Wakisii, walikuwepo mafundi walioitwa ababari. Wagonjwa wao wakubwa walikuwa watu waliopigwa kichwani wakapona jeraha, lakini maumivu yakagoma kuondoka. Fundi alichana ngozi ya kichwa, akaukwangua mfupa taratibu kwa kisu, akatoa kipande. Miaka ya 1950 madaktari waliokuwa Kenya walianza kuandika habari zao katika majarida ya tiba, wakishangaa jinsi wengi walivyopona operesheni hiyo. Sisemi turudi huko, la hasha. Nasema tu kwamba fundi yule hakuanza na kisu. Alianza na habari: ulipigwa lini, na nini, na maumivu yalianza siku gani.

Tena mgonjwa hakwenda peke yake. Mwanahistoria Steven Feierman, Mmarekani aliyeishi na kutafiti kwetu Usambara tangu miaka ya 1960 na kuandika kitabu cha ufalme wa Wasambaa kilichotoka mwaka 1974, ameandika pia juu ya uganga wetu. Anaonyesha jinsi ndugu wa mgonjwa wanavyokaa kikao, wakipima huu ni ugonjwa wa Mungu tu au kuna mkono wa mtu, na aende kwa nani. Kikao hicho kina ubaya wake, kwani kinaweza kumtafuta mchawi pasipo mchawi. Lakini hakuna aliyetoka kikaoni akiambiwa hana kitu.

Halafu kuna Lutindi. Katika milima yetu hii hii, upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki. Imewasaidia wengi waliotupwa na ndugu zao, na hilo ni jambo la heshima. Lakini jina lake likawa tishio midomoni mwa watu. Ukilalamika kichwa mara ya kumi na damu haina malaria, kijana mwenzio anatania, "Huyu wa Lutindi." Ndiyo maana lile "punguza mawazo" liliniuma kuliko kichwa chenyewe. Nilisikia mlango unafungwa.

Sasa tuitazame hiyo picha tunayoiheshimu hivyo. Novemba 1895 Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Mfupa ukaonekana, ila ubongo ulipitwa kama maji. Mwaka 1918 daktari Mmarekani, Walter Dandy, akaona aingize hewa ndani ya vyumba vya ubongo ili vionekane kwenye filamu, na mwaka uliofuata akaipitishia mgongoni. Kipimo hicho kilisifika kwa kuacha maumivu makali ya kichwa. Hebu fikiri: unakwenda kutafuta sababu ya kichwa, unarudi na kichwa kingine!

Mkombozi alitoka kwenye kampuni ya muziki. Godfrey Hounsfield alikuwa mhandisi wa EMI, wale wale waliotoa santuri za Beatles. Mashine yake ya kuukata ubongo vipande kwa picha ilimpima mgonjwa wa kwanza tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 alipewa Nobeli pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye hesabu zake zilianzia kazini katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Kwa hiyo siti-skani ina mguu mmoja Afrika, nami naijivunia. Inaona damu iliyovuja, inaona uvimbe, imeokoa watu wasiohesabika. Ila inaona umbo. Presha haina umbo.

Presha ilikwisha kupimwa zamani, kwa sindano. Mwaka 1891 Mjerumani Heinrich Quincke alichoma sindano kiunoni, kati ya mifupa ya uti wa mgongo, akatoa yale maji yanayouzunguka ubongo, akapima yanapanda kiasi gani kwenye bomba. Mwaka 1893 akaeleza wagonjwa ambao maji yao yalikuwa na presha kubwa na uvimbe hakuna. Mwaka 1904 mwenzake Max Nonne akaupa ugonjwa jina, uvimbe wa uongo wa ubongo. Na Dandy yule yule wa hewa, mwaka 1937, akaandika juu ya wagonjwa 22 wa namna hiyo. Nikisoma hayo nilihisi naandikwa mimi: dalili zote za uvimbe, na uvimbe haupo.

Nilipopanda Shume likizo, bibi yangu hakuuliza habari ya ripoti. Aliniweka jikoni karibu na moto.

"Mjukuu wangu, kinazidi ukilala au ukisimama?"

"Nikilala, Bibi. Asubuhi ndiyo balaa."

"Ukiinama?"

"Naona giza kidogo, halafu linaondoka. Na usiku nasikia moyo unapiga sikioni."

Bibi akanyamaza. Kisha akasema, "Hayo ya macho uwaambie. Waangalie macho."

Mashine mbili zilinipima na hakuna aliyekuwa ameniuliza hayo. Nikayaandika kwenye daftari, tarehe na saa, nikampelekea daktari wa macho. Kifaa chake kidogo chenye taa ni cha zamani kuliko eksirei. Hermann von Helmholtz alikitoa mwaka 1851. Akachungulia ndani ya jicho, akaona pale mshipa wa fahamu unapoingilia pamevimba. Akaacha utani. Presha ile ikiachwa, aliniambia, huua macho polepole. Kwa kuwa picha zilikwisha kuonyesha hakuna uvimbe, sindano iliruhusiwa, maana penye uvimbe sindano inaweza kuua. Mtu mzima kwa kawaida hazidi sentimita 25 za maji. Mimi nilikuwa na 34. Na yale "mabadiliko madogo yasiyo na maana"? Mboni ya jicho iliyobapa kidogo kwa nyuma, na nafasi tupu panapokaa tezi chini ya ubongo. Kumbe ndizo alama zenyewe. Picha ilisema, ila kwa sauti ndogo, na haikuwepo habari ya kuifasiria.

Sasa nameza asetazolamaidi, dawa inayopunguza utengenezaji wa maji hayo, na nimeambiwa nipunguze uzito, kwani ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake vijana wanene. Macho yangu yamepona. Kichwa bado kinanitembelea. Na jina rasmi la ugonjwa, baada ya karne na zaidi ya kutafuta? Presha ya ndani ya fuvu isiyojulikana sababu! Nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Usichukue ugonjwa wangu ukauvaa, tafadhali. Vichwa ni vingi. Kuna kipandauso, kuna cha misuli, kuna hata kile kinacholetwa na vidonge vyenyewe vya maumivu vikimezwa nusu ya mwezi, mwezi hata mwezi. Lakini kikija ghafla kama radi, au na homa na shingo ngumu, au kuona kukififia, au mkono ukilegea, usisubiri, kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Nanyi mnaotaka kuandika, mnaotuma hadithi na mashairi kwenye kurasa hizi, anzeni na daftari la namna yangu. Andikeni maumivu ya mama, ya dada, ya jirani wa chumba cha pili: yalianza lini, alikuwa amelala wapi, yanazidi saa ngapi. Kwa Wasambaa wale waliozungumza na Koch hakukuwa na hadubini hata moja, na jibu walikuwa nalo. Kwa hiyo ukimkuta mwenzako kashika kichwa, na bahasha kubwa ya picha kwapani, usimwambie hana kitu. Mwulize kwanza, kisha umwache amalize.