Hekta Milioni 1.3 Zilizomng'oa Ravalomanana

Wamalagasi hawakuambiwa na serikali yao. Habari iliwafikia Novemba 2008 kupitia gazeti la London, Financial Times: kampuni ya Daewoo Logistics ya Korea Kusini ilikuwa mbioni kukodishwa hekta milioni 1.3 za ardhi ya Madagaska kwa miaka 99. Magharibi mwa kisiwa yangelimwa mahindi, mashariki michikichi, na mavuno yangepakiwa melini kwenda Korea. Eneo hilo lilikadiriwa kufikia karibu nusu ya ardhi yote ya kilimo nchini. Kwa mujibu wa gazeti hilo, kampuni isingelipa pango; wenyeji wangeambulia ajira na barabara.

Mwaka huo bei ya chakula ilikuwa imepaa dunia nzima, na nchi zenye fedha zilikuwa zikisaka mashamba ng'ambo. Lakini katika nyanda za juu za Madagaska ardhini ndiko waliko mababu: familia hufungua kaburi la ukoo, huvika mifupa sanda mpya ya hariri, hucheza nayo ngoma, kisha huirudisha. Shamba na kaburi ni urithi mmoja.

Kilichouma zaidi, kwa maoni yangu, ni sheria. Hadi mwaka 2005 ardhi isiyo na hati ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, hata kama ukoo mmoja umeilima vizazi na vizazi. Ni serikali ya Rais Marc Ravalomanana yenyewe iliyobadilisha hilo na kuwawezesha wakulima kupata vyeti karibu na kwao. Miaka mitatu baadaye, serikali ileile ikakaa mezani na Daewoo bila kuwashirikisha.

Mkataba peke yake haukumwangusha. Watu walikwishachoshwa na biashara za rais kupitia kampuni yake ya Tiko, na ndege mpya ya rais ya dola milioni 60. Desemba 2008 serikali ikafunga televisheni ya Viva, mali ya Andry Rajoelina, meya wa Antananarivo mwenye umri wa miaka 34. Rajoelina akawaita watu kwenye uwanja wa 13 Mei, palepale Ravalomanana alipojipatia nguvu mwaka 2002. Suala la ardhi likawa silaha yake kali jukwaani.

Februari 7, 2009, umati uliandamana hadi ikulu ya Ambohitsorohitra. Walinzi wakafyatua risasi. Watu wasiopungua 28 wakauawa. Baada ya damu hiyo, jeshi nalo likagawanyika. Mwezi uliofuata wanajeshi wa kikosi cha CAPSAT waligoma kuwapiga waandamanaji, na Machi 17 Ravalomanana akajiuzulu.

Mara tu baada ya kushika madaraka, Rajoelina alitangaza kuwa mkataba wa Daewoo umefutwa. Umoja wa Afrika ukaisimamisha Madagaska uanachama, wafadhili wakazuia misaada, na uchaguzi haukufanyika hadi 2013. Oktoba 2025 vijana walipoandamana kudai maji na umeme, CAPSAT ileile iliungana nao, na safari hii aliyekimbia nchi alikuwa Rajoelina, aliyekuwa rais tena.