Bandari ya Mifugo Isiyohama: Ardhi ya Karantini ya Isiolo na Kielelezo cha Hoyle

Tangu Brian Hoyle achapishe kielelezo chake cha bandari na mji mwaka 1989, mfuatano wake haupingwi sana: meli hukua, shughuli huhamia penye kina kirefu, maghala hubaki matupu, kisha makazi hujengwa gatini. Royal Docks za London zilifungwa mwaka 1981, na mwaka huohuo likaundwa shirika la kuijenga upya Docklands. Hoyle mwenyewe alizichunguza pia Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ninachokipinga ni dhana moja tu, kwamba makazi hufika baada ya kazi kuondoka. Isiolo, mji wa kaskazini mwa Kenya usio na bahari, unaikanusha.

Isiolo ilikuwa bandari ya mifugo. Serikali ya kikoloni iliwazuia hapo ng'ombe wa kaskazini, homa ya mapafu isije ikaingia katika mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru, idara ya soko la mifugo, LMD, ilirithi malisho hayo. Ng'ombe walinunuliwa, wakapimwa, wakachanjwa na kunenepeshwa, ndipo wakaruhusiwa kwenda kusini. Jeshi lilimega sehemu ya ardhi hiyo. Idara ilipofifia, mji nao ukajisogeza. Leo LMD ni mtaa. Pembezoni mwake, ploti hutambulika kwa ua wa miiba na kibanda cha mabati cha chumba kimoja, mlango umetiwa kufuli. Mwenyewe anaishi kwingine, na barua ya ugawaji ameihifadhi vizuri. Kati ya kibanda na kibanda, mbuzi wanapita kwenda mnadani.

Hannah Elliott, katika makala yake ya mwaka 2016 kuhusu ploti za Isiolo, anaihusisha haraka hii ya kujitwalia ploti na matarajio: LAPSSET, mradi wa bandari na ushoroba wa uchukuzi uliozinduliwa Lamu Machi 2012, uwanja wa ndege, jiji la kitalii. Nakubali, ila matarajio yanaeleza kasi tu. Hayaelezi kwa nini ardhi hii ndiyo iliyokuwa rahisi kuingiwa. Jibu langu ni kwamba aliyeondoka ni msimamizi, mifugo ingalipo.

Itasemwa kwamba lami ya Isiolo–Moyale imeumaliza ubishi, kwa kuwa malori sasa yanapitiliza hadi Nairobi. Ni kweli kwa mnyama anayekwenda kuchinjwa. Lakini lori haliponyi ugonjwa. Ukizuka mlipuko na barabara ikafungwa, ng'ombe waliokwisha kuteremka watahitaji malisho na maji ya kusubiria, na ndiyo hayo yanayozungushiwa ua.

Kwa Katiba ya 2010, ardhi ya umma husimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Kabla ya hati miliki yoyote kutolewa hapo, mapito ya mifugo na mazizi ya karantini yapimwe kwanza, ploti zifuate. Huenda Isiolo ni kisa cha pekee. Mimi nathubutu kusema kwamba miji mingi ya mnada, kutoka Garissa hadi Moyale, inaelekea njia hiyohiyo.