Mpango wa Karanga wa Kongwa

Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka kumi, na Halmashauri imetakiwa kutunga mpango wa miaka kumi ijayo. Kabla hatujaandika tarakimu, yafaa tuukumbuke mpango mmoja uliopata kuandikwa kwa tarakimu nzuri mno katika nchi hii.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 wajumbe watatu, wakiongozwa na Bwana John Wakefield, walizunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa wiki tisa, wakarudi na hesabu kamili: ekari 3,210,000 za karanga, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa muda wa miaka sita, na gharama yake pauni milioni 24 hivi. Shamba la majaribio halikutangulia.

Mwaka 1947 ilitazamiwa zifyekwe ekari 150,000. Zilizopandwa mwaka ule, pale Kongwa, zilikuwa kama 7,500. Trekta zilizonunuliwa katika mabaki ya vita zilivunjika kwa visiki na mizizi. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji, hata karanga zilizokomaa hazichimbuki. Mvua nayo haikuwa imeusoma mpango. Huko kusini reli na bandari ya Mtwara zilijengwa kwa ajili ya shehena ambayo haikuja. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na pauni milioni 36 hivi zimepotea.

Wako wanaocheka ujinga wa wakubwa wale. Mimi sioni ujinga. Walikuwa watu wa elimu. Ila kila hatua yao iliitegemea iliyotangulia, na hapakuwekwa mahali pa kusimama na kuhesabu upya.

Wagogo, wenyeji wa pale, walikuwa na mpango wao. Walipanda mtama na uwele, na ng'ombe walikuwa akiba: mwaka wa njaa hubadilishwa kwa nafaka. Mvua ya mwakani hawakuijua kuliko Bwana Wakefield, lakini walipanga kama watu wasioijua. Sehemu ya ardhi ile iliyofyekwa kwa karanga ilikuja kuwa ranchi ya ng'ombe.

Kwa hiyo rasimu iliyo mbele ya wajumbe yaomba ghala moja kwanza, na hesabu itazamwe baada ya misimu miwili, ndipo tukope fedha za kinu cha pamba. Baadhi ya wanachama wameuita mpango huu woga. Mkutano Mkuu utaamua.