Habari za Meko na Dohani

Wasomaji walio wenyeji wa milimani wanaijua nyumba ya zamani ya Uchagani, ile ya msonge iliyoezekwa kwa majani toka kileleni hata karibu na ardhi. Ndani yake walikaa watu pamoja na ng'ombe na mbuzi, meko yakiwa kati, na juu ya meko pakiwa na dari ya kuwekea kuni na ulezi. Madirisha hayakuwapo. Moshi ulijitafutia njia katika majani ya paa, na usipoipata ulikaa. Mgeni aliyeingia ilimpasa ainame, si kwa heshima tu, bali apate pumzi, kwa kuwa hewa njema ilikuwa chini na moshi ulitanda juu.

Watu wengi wa siku hizi huitaja nyumba ile kwa kicheko, kana kwamba wazee hawakuwa na macho ya kuwasha. Walikuwa nayo. Lakini moshi ule ulikuwa na kazi zake. Ulikausha kuni na nafaka darini, ulifukuza wadudu walao majani ya paa, na moto wenyewe, pamoja na joto la wanyama, uliwapa watu vuguvugu usiku wa mwezi wa Julai, baridi ya mlima inaposhuka. Nataka kueleza jinsi watu wa nchi nyingine, waliokaa katika moshi kama huo, walivyojitoa ndani yake; na katika kujitoa walipata nini na kupoteza nini. Nchi hiyo ni Uingereza. Nimeichagua kwa sababu habari zake zimeandikwa pamoja na miaka yake, nazo zatuhusu kuliko tunavyodhani.

Zamani Waingereza karibu wote, maskini kwa matajiri, waliwasha moto katikati ya sakafu, na moshi ukatoka kwa tundu la paa. Katika Kent iko nyumba kubwa iitwayo Penshurst Place, ambayo ukumbi wake ulijengwa mwaka 1341 na John de Pulteney, mfanyi biashara tajiri wa London. Meko yake yako hata leo katikati ya sakafu, bila dohani. Basi tajiri yule, aliyeweza kujenga ukumbi mkubwa kama kanisa, alikula chakula chake katika moshi sawa na mkulima. Tofauti ni kwamba paa lake lilikuwa juu sana, na moshi ulipanda mbali na pua. Dohani zilijulikana tangu zamani, walakini zilikuwa katika ngome, na nyumba za watawa, na vyumba vya wakuu wachache.

Badiliko lilikuja katika karne ya 16. Matofali yalizidi kupatikana, na katika miji kuni zikawa ghali, hata watu wakaanza kuchoma makaa ya mawe. Moshi wa makaa hayo ni mzito, una harufu ya kiberiti, wala tundu la paa halikuutosha. Mwenye kuyatumia ilimlazimu ajenge dohani. Na dohani ilipokwisha jengwa, jambo jingine likawezekana: ukumbi ule mrefu, ambao juu yake palikuwa pamejaa moshi, sasa uliweza kutiwa sakafu ya pili. Vyumba vya kulala vikapatikana ghorofani, na watu wa nyumba moja wakaanza kulala mbalimbali badala ya kuzunguka moto mmoja.

Kasisi wa kijiji cha Radwinter katika Essex, jina lake William Harrison, alitoa kitabu cha habari za nchi yake mwaka 1577. Ndani yake anasimulia kwamba wazee wa kijiji chake waliona mambo matatu yaliyogeuka sana katika maisha yao. La kwanza ni wingi wa dohani. Katika ujana wao miji mingi ya mashambani ilikuwa na mbili tatu tu. La pili ni malazi, kwa maana wao walikuwa wamelala juu ya majani makavu, na kichwani wakaweka gogo. Mto ulidhaniwa kuwa kitu cha mwanamke aliyejifungua. La tatu ni vyombo: sahani za mti zilikuwa zimetoa nafasi kwa sahani za bati. Mimi napenda sana habari hii, kwa kuwa wazee wale hawakutaja vita wala wafalme. Walitaja moto, kitanda na sahani, yaani mambo ambayo mtu huyagusa kila siku.

Lakini si wote waliofurahi. Harrison mwenyewe alinung'unika kwamba tangu dohani zizidi, watu wamekuwa laini, kila mmoja ana mafua na kichwa kinamuuma. Ambapo zamani moshi ulikuwa ukiikaza miti ya nyumba, tena ulikuwa dawa kwa baba wa nyumba na jamaa yake. Juu ya mafua alikosea. Juu ya miti ya nyumba tutaona.

Dohani ilileta na hasara zake. Kwanza, serikali iliona kwamba meko huhesabika. Mwaka 1662 iliwekwa kodi ya meko, shilingi 2 kwa mwaka kwa kila moja, na wakusanyaji wakapewa ruhusa ya kuingia nyumbani mwa watu ili wahesabu. Watu waliichukia, ikafutwa mwaka 1689. Kabla haijafutwa, mwaka 1684, katika kijiji cha Churchill, Oxfordshire, mwoka mikate alitoboa ukuta ili tanuri lake litumie dohani ya jirani, apate kuepa kodi. Moto ukashika, na nyumba kama 20 zikateketea. Tena mwaka 1696 ikaja kodi ya madirisha, nayo ikadumu hata mwaka 1851. Watu waliziba madirisha yao kwa matofali, wakakaa gizani bila hewa, na hata leo madirisha yaliyozibwa yaonekana katika nyumba za kale.

Hasara ya pili ni ya joto lenyewe. Dohani pana hutoa moshi, lakini hutoa na joto pamoja nao, na kwa kuvuta hewa huingiza baridi kwa kila ufa wa mlango. Mtu aliungua magoti na kuganda mgongo. Aliyelitengeneza jambo hili vizuri ni Benjamin Thompson, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1753, ambaye baadaye aliitwa Count Rumford. Katika maandiko yake ya mwaka 1796 alionyesha kwamba koo la dohani lapasa kuwa jembamba, upana wa inchi 4 tu, ili moshi upite upesi na hewa ya chumba isiufuate ovyo. Tena aliwaagiza watu wapunguze kina cha meko, na kuta za kando wazielekeze upande wa nje, ili joto lirudishwe chumbani. Hakubuni chombo kipya. Alihamisha matofali machache, na nyumba ikawa na joto kwa makaa haba.

Hasara ya tatu inasikitisha kuliko zote. Njia nyembamba za moshi zilisafishwa na watoto, wengine wa miaka sita au saba, waliopandishwa ndani wakwangue masizi. Wako waliokwama humo wakafa. Mwaka 1775 tabibu Percivall Pott wa London alieleza kwamba saratani iliyowapata wafagia dohani ilitokana na masizi. Sheria ya kwanza ya kuwalinda ilitoka mwaka 1788, lakini desturi ile haikukoma kweli mpaka sheria ya mwaka 1875.

Tena moshi uliotolewa nyumbani haukwenda mbali. Tangu tarehe 5 hata 9 Desemba 1952 hewa ya London ilitulia katika baridi kali, na moshi wa dohani zote ukalala njiani kama blanketi. Hesabu ya kwanza ilitaja watu 4,000 waliokufa. Wataalamu wa baadaye wanataja kama 12,000. Sheria ya kusafisha hewa ikatoka mwaka 1956.

Sasa turudi mlimani. Fedha za kahawa zilipopatikana, nyumba za pembe nne zenye mabati zilizidi, jiko likahamishwa nje, na ng'ombe wakapewa zizi lao. Nuru iliingia, na macho yakapona. Lakini joto lilitoka pamoja na moshi, kama kule Uingereza, kwa kuwa bati hupokea baridi ya usiku mara moja. Hapo ndipo wengine walipoanza kuingiza chumbani jiko la makaa ya miti, wakiona halina moshi, na kufunga mlango na dirisha. Katika hili nasema kwa nguvu: makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na damu huipokea upesi kuliko hewa njema. Anayelala nayo huenda asiamke. Afadhali moshi wa msonge, maana ulijulisha watu kwamba upo.

Na jiko la nje nalo, likiwa kibanda kisicho na tundu, bado lawaua akina mama na watoto wanaobebwa mgongoni. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020. Jiko lenye ukuta wa udongo ndani, lililoenea kutoka Nairobi tangu miaka ya 1980, lahifadhi joto na kupunguza makaa, lakini sumu yake ni ile ile. Lapasa kuwekwa penye hewa. Chumba cha kulala chataka joto la namna nyingine: dari chini ya bati, kuta nene za udongo au tofali, mkeka sakafuni, blanketi kavu. Nafaka nazo zataka ghala yao, kwa kuwa moshi uliozilinda haupo tena.

Ama neno la Harrison juu ya miti ya nyumba, alisema kweli. Katika Devon ziko nyumba za kale ambazo paa lake lilitandazwa majani mapya juu ya ya zamani, tabaka juu ya tabaka. Wataalamu walipochimba hata tabaka la chini kabisa, lililowekwa kabla dohani haijajengwa, waliyakuta majani ya miaka kama 600 iliyopita, meusi kwa masizi, na masuke ya ngano na magugu ya shamba yakitambulikana bado.